Jiwe Lililorudishwa

Mkono wa Rozenn ulikuwa ndani ya shimo hadi begani, na shimo lilikuwa tupu.

Hapo ndipo tulipomwacha, wasomaji wangu, na najua wapo walioninunia wiki nzima. Haya, tuendelee, maana maji hayakumsubiri yeye na hayatatusubiri sisi.

Alipapasa tena. Kushoto, kulia, juu kwenye paa la mwamba ambako kambakoche mjanja hujibana. Hakuna gando, hakuna sharubu. Kulikuwa na mchanga tu, na baridi ya kukata vidole.

"Haiwezekani," alisema kwa sauti, peke yake katikati ya mawe.

Kwa aliyejiunga nasi leo, nitasema upesi. Kila bamvua kubwa ya Septemba, bahari ya Porz-Halen hujivuta mbali hadi mawe ambayo mwaka mzima hayajaona jua yanatoka nje. Hapo ndipo shimo hili huonekana, na ndani yake hukaa kambakoche mmoja wa buluu. Ukimtoa huyo, mwingine huhamia. Bibi yake Rozenn alilijua shimo hilo akamwambia bintiye, Soizic. Soizic akamwambia bintiye, Rozenn. Huambiwa mtoto mmoja tu, na siku ya kuambiwa hunyweshwa funda la maji ya bahari na kuapa kwamba hatasema.

Kambakoche huyo haendi kwa wageni, hata wageni wa Kwa Soizic, mgahawa wa vitambaa vyeupe ambao watu wa Paris hupigania meza zake tangu majira ya baridi. Huliwa jikoni, na familia. Mwenye nyumba hukata kichwa na kumpa anayeshika jiko. Miaka yote Soizic amejipa kichwa mwenyewe. Mwaka huu alitangaza, mbele ya watu, kwamba bamvua hii atampa mwingine.

Rozenn amesimama mbele ya majiko yale ujana wake wote. Mdogo wake, Tanguy, ndiye aliyerudi kutoka Paris kiangazi hiki akiwa na masharubu mapya na mipango mingi. Sasa mnaelewa kwa nini mwanamke mzima alikuwa amelala kifudifudi kwenye mwani huku machozi yanamtoka.

Alifikiri ni watalii. Wakati wa bamvua hushuka pwani kama kumbikumbi, na vindoo vyao na vijichepe vyao, wanafukua kila kitu.

Kisha akaliangalia jiwe.

Shimo lile hufunikwa na jiwe bapa, kubwa kiasi cha sinia. Alipofika alilisogeza mwenyewe bila kufikiri, kwa sababu lilikuwa pale pale linapokaa siku zote. Upande wa mwani juu. Upande mtupu chini. Vijiwe viwili vimesindikwa pembeni lisicheze.

Mtalii haurudishi mlango wa nyumba ya mwenziwe. Mtalii hupindua jiwe, akachukua chake, akaliacha chali mwani ukioza na vidudu vikikauka. Watoto wa Porz-Halen huzabwa vibao kwa kosa hilo kabla hawajajua kusoma. Mwizi huyu angetaka kujificha, angeliacha jiwe limepinduka, na Rozenn angewalaani watu wa Paris hadi Krismasi. Lakini mkono wake ulikataa. Mkono wake ulilirudisha.

Mwizi alikuwa mtu wa hapa.

Na duniani kote, ukimtoa mama yake, Rozenn alikuwa amemwambia mtu mmoja tu habari za shimo lile.

Mtu huyo alikuwa juu ya ufukwe, ndani ya gari, akimsubiri.

*

"Vipi, mama wa bahari?" Gildas alimfungulia mlango. "Mkubwa?"

"Shimo tupu."

Gildas, mumewe, ni mtu mpana mwenye maneno machache. Alizaliwa kwenye boti ya chaza ya baba yake, au karibu kabisa na hapo, na alikuja jikoni kwa sababu alimpenda mpishi. Alishika usukani kwa mikono miwili ingawa gari halikuwa linakwenda.

"Labda samaki mkunga kaingia akamla," alisema.

"Mkunga harudishi jiwe."

"Jiwe limefanyaje?"

"Limerudishwa vizuri kabisa. Mwani juu, na vijiwe pembeni."

Gildas akawasha gari, likazima. Akawasha tena.

Rozenn aligeuka nyuma kutafuta taulo, na badala ya taulo akakuta gambuti za mumewe. Zilikuwa zimelala ubavu chini ya kiti, zimelowa, na kisigino cha moja kimenasa uzi mrefu wa mwani wa kahawia. Mwani ule haukui ufukweni. Unakua mbali, kule ambako maji hayaondoki isipokuwa siku za bamvua.

"Jana ulisema unakwenda wapi?"

"Morlaix. Pampu ya birika la kuwekea kamba hai."

"Madukani Morlaix siku hizi kuna bahari?"

"Rozenn..."

"Nakuuliza tu. Maana jana nayo maji yalikupwa sana. Nawe umerudi bila pampu."

"Hawakuwa nayo."

"Nitazame usoni basi useme hivyo."

Gildas alitazama kioo cha pembeni, akatazama barabara, akamtazama ng'ombe wa watu. Mkewe hakumtazama. Akaondoa gari.

Njia nzima Rozenn alijiambia kwamba hataki kujua kabla ya chakula, kwamba lipo bado birika la mgahawa, atatoa kambakoche mwingine, mama ni mzee, macho yamefifia, hatatambua. Alijidanganya hivyo kona baada ya kona. Mama yake angetambua kwa harufu tu.

*

Siku ya bamvua, chakula cha mchana Porz-Halen huliwa alasiri, watu wakisharudi kutoka kwenye mawe. Walipofika ukumbi ulikuwa umeshajaa. Yvonne, mhudumu mkuu, mwanamke mwenye mdomo usiolala, alikuwa akipita na masinia ya chaza.

"Bosi! Afadhali umefika. Meza ya dirishani wameniuliza kama chaza bado wana maziwa ya kiangazi. Nimewaambia wana chumvi, na wakitaka maziwa zizi liko huko juu." Akamwona uso. Akashusha sauti. "Kuna nini?"

"Hakuna kitu."

"Hakuna kitu ndicho kilichokutoa macho hivyo? Basi jikaze, maana jikoni kuna mtu."

Jikoni kulikuwa na Tanguy. Amekaa juu ya meza ya kukatia, ananing'iniza miguu, na Rozenn alikuwa hajawahi kumruhusu mtu kuweka makalio yake pale. Kando yake kulikuwa na gunia lililolowa. Gunia lilikuwa linatikisika.

"Dada," alisema, mwenye furaha kama bwana harusi. "Umerudi mikono mitupu?"

Akafungua gunia.

Kambakoche alikuwa wa buluu iliyokoza hadi kukaribia weusi, mzito, gando la kulia kubwa kuliko la kushoto. Kambakoche wa shimo huwa hivyo. Ni wa rangi ya pale chini kwenye giza, hawafanani na waliovuliwa kwa mitego. Rozenn alimtambua kama unavyomtambua ndugu yako kituoni katikati ya watu.

"Umempata wapi?"

"Mahali."

"Tanguy, umempata wapi?"

"Pale pale anapokaa, dada. Unadhani ni wewe peke yako una mikono?"

Wapishi wengine waliinamisha vichwa wakajifanya wanakatakata vitunguu. Wengine vitunguu vilikuwa vimekwisha, wakakata ubao.

Rozenn aligeuka kumwangalia Gildas, ambaye alikuwa ameingia na kreti ya mwani na kusimama mlangoni.

"Ulimwambia."

"Sikumwambia."

"Nilikwambia wewe peke yako. Kitandani, wiki tuliyooana. Nilivunja kiapo cha mama yangu kwa ajili yako, Gildas, kwa sababu nilisema nikikuficha kitu kimoja nitakuficha na vingine. Ukaenda kumuuzia huyu?"

"Sikumwambia Tanguy neno hata moja. Naapa mbele ya watu wote hawa."

"Na gambuti?"

Gildas aliitazama kreti mikononi mwake.

"Sema kuhusu gambuti! Jana ulikuwa kwenye mawe au hukuwa?"

"Nilikuwa," Gildas alisema polepole.

Mtu aliangusha kisu. Rozenn alihisi kitu kinamtoka kifuani, kitu alichokuwa amekiegemea bila kujua kwamba amekiegemea. Alikuwa tayari kumkosa Tanguy, tangu utotoni alikuwa tayari kumkosa. Huyu hakuwa tayari kumkosa.

"Toka jikoni kwangu," alisema.

"Rozenn, acha nikueleze..."

"Toka!"

Gildas aliweka kreti chini taratibu, kama vile ndani kuna mayai. Akatoka. Tanguy akapiga mluzi mdogo.

"Jikoni kwako," alisema. "Hilo nalo tutaliona."

*

Mama akaingia.

Soizic Abgrall hutembea na bakora mbili siku hizi, na akiingia mahali watu husimama hata kama walikuwa wamesimama. Alikuwa amejifunga shali nyeusi, ncha zake zikimfunika mikono hadi kwenye vishikio vya bakora. Aliinusa hewa.

"Maji yamesharudi?"

"Yamerudi, mama," Rozenn alisema.

"Basi yuko wapi?"

Tanguy alimnyanyua kambakoche mgongoni kwa mikono miwili, kama kombe la mpira.

Mama hakuonyesha mshangao wowote. Hilo Rozenn alilikumbuka baadaye. Aliketi kwenye kiti chake cha pembeni ya oveni, akasema, "Mzuri. Mpike, Rozenn."

"Mimi?"

"Nani mwingine? Tanguy atatupikia lile povu lake la Paris."

Yvonne, aliyekuwa akipita, alishindwa kujizuia. "Na povu Porz-Halen tunaogea, hatuli," alisema, akakimbilia ukumbini.

Wasomaji wangu, nimeandika habari za watu kupigana visu, na nimeandika habari za talaka. Lakini sijapata kuandika jambo gumu kama hili. Rozenn alimchukua yule kambakoche, mzigo ambao ungemnyima kila kitu, akampika. Na akampika vizuri! Angeweza kumkausha. Angeweza kumsahau motoni kidogo tu, nyama ikawa raba, na aibu ikamwangukia aliyemleta. Wazo lilimpitia, akalifukuza. Alimtia kwenye maji ya bahari aliyoyachota mwenyewe, akamtoa kabla ya wakati, akammalizia kwenye sufuria nzito na siagi ya chumvi, vitunguu vidogo na mvinyo wa tufaha, akimmwagia siagi kijiko baada ya kijiko hadi gamba likawa jekundu linalong'aa. Jikoni kukanukia bahari na siagi. Hata Tanguy alimeza mate.

Alimweka mezani mbele ya mama yake.

Mama alitoa mikono ndani ya shali. Rozenn aliona mikwaruzo mgongoni mwa vidole, mingi, mibichi, mingine ina damu iliyoganda.

"Mama, umeumia?"

"Paka," mama alisema, akachukua kisu.

Alikata mkia kwanza, akaugawa. Kisha akavunja magando. Kichwa kikabaki peke yake katikati ya sinia, na sharubu zake ndefu, na siagi inachuruzika.

Rozenn aliegemea meza. Alimwona bibi yake akifanya hivyo hivyo, mbali sana huko utotoni, na kumpa Soizic kichwa, na Soizic, ambaye halii, akalia. Tangu siku hiyo Rozenn alikuwa akiisubiri zamu yake. Hakuwahi kumwambia mtu, lakini alipokuwa akiungua mikono, alipokosa harusi za rafiki zake, alipokataa kazi ya heshima kule Rennes, alikuwa akiisubiri zamu hii.

Mama alinyanyua kichwa kwa vidole vyake vilivyokwaruzika. Akakiweka kwenye sahani ya Tanguy.

"Kula, mwanangu," mama alisema. "Jiko ni lako."

*

"Kwa sababu ya kambakoche?" Sauti ya Rozenn ilitoka nyembamba, akajichukia. "Mama, huyu ameiba! Gildas ndiye aliyemwonyesha shimo. Wamenizunguka!"

"Sijaonyeshwa na Gildas wako," Tanguy alisema, mdomo umejaa. "Mumeo hata kusalimia ananibania."

"Muongo. Na mlivyo wajinga, mkarudisha jiwe!"

"Jiwe gani?"

"Jiwe la shimo, Tanguy. Mlilirudisha mahali pake, na vijiwe."

Tanguy alimtazama kama mtu anayeulizwa habari za nchi nyingine. "Mimi nirudishe jiwe la nini? Nilishamtoa kamba. Jiwe nikalisukuma huko, nikaenda zangu kunawa."

Alikuwa anasema kweli. Utotoni Tanguy alikuwa akilia kila aliposhushwa pwani, akakaa juu na vitabu vyake vya picha, vibao vya mawe havikuwahi kumpata. Mikono yake haikujua kurudisha jiwe. Mtu mwingine alikuwa pale. Mtu ambaye aliliona jiwe limelala chali, akashindwa kuliacha, akapiga magoti kwenye mwamba uliojaa vijikome vikali kama wembe, akaligeuza.

Paka wa mama yake alikufa Pasaka. Rozenn mwenyewe ndiye aliyemzika.

Akaitazama ile mikono juu ya meza. Mama aliona anaitazama. Hakuificha.

"Mama," Rozenn alinong'ona. "Wewe?"

"Mimi."

"Ulininywesha maji ya bahari. Ulisema mmoja tu."

"Nawe ukamwambia mumeo. Nilijua tangu wiki ile ile, ulikuja kazini hunitazami. Wewe ulimwambia mume, mimi nimemwambia mwanangu. Tumelingana."

"Hatujalingana! Mimi sikumpa mtu jiko lako!"

Soizic aliifuta siagi kwenye vidole, kidole kimoja kimoja. Aliposema, hakusema kwa ukali, na hilo ndilo lililouma.

"Nisikilize. Nisipompa jiko, huyu ataondoka kesho. Atarudi Paris, na nitakufa sijamwona tena. Akiwa na jiko atabaki. Nawe utakuwa pale pale ulipo siku zote, unapika, kila kitu kinakwenda. Jina tu ndilo litakalobadilika."

"Na mimi nikiondoka?"

Mama yake alitabasamu, kwa upendo kabisa.

"Wewe hutaondoka, Rozenn. Nakujua."

Hiyo ndiyo iliyomwingia hadi mfupani. Kwamba mwingine amepewa, hilo angeweza kulimeza, watu wamemeza makubwa kuliko hilo. Lakini kumbe miaka yote ya uaminifu wake ilikuwa imepimwa na kukutwa nyepesi, kwa sababu tu haikumtisha mtu. Angekuwa mwana mbaya, angepewa kichwa.

Yvonne akachomoza mlangoni. "Jamani, chaza wamekwisha! Wageni wanataka samaki. Bosi, tuanze kutoa?"

Rozenn alifungua kamba za aproni yake. Watu wote walimtazama. Akaivua, akazunguka meza, akamfunga Tanguy ile aproni kiunoni kwa mafundo mawili, kama mama anayemfunga mtoto anayekwenda shule.

"Muulize bosi wako mpya," alimwambia Yvonne. "Ukumbi umejaa, mdogo wangu. Wapikie."

"Dada, usifanye utoto. Samaki wanatolewa vipi? Ile siagi ya mwani unaanza na nini? Dada!"

Rozenn alikuwa ameshatoka.

*

Gari lilikuwa limeegeshwa gatini, pua yake inatazama mlango wa mgahawa, mgongo wake unatazama barabara ya Morlaix. Gildas alikuwa kwenye kiti cha abiria. Hakwenda popote. Moyo wa Rozenn ulimvunjika kwa kumwona tu.

Akaingia upande wa usukani, akafunga mlango.

"Nisamehe," alisema. Maneno yalimtoka kwa pupa. "Ni mama. Ni mama ndiye aliyemwonyesha, Gildas. Nimekutukana mbele ya watu, na hukufanya kitu. Nisamehe, mume wangu."

Gildas hakumgusa. Na mtu huyu, akisikia mkewe analia, hata akiwa usingizini humgusa.

"Mama yako hawezi kutembea kwenye mawe," alisema.

Rozenn aliacha kujifuta machozi.

"Nilimbeba mgongoni. Alikuja akaniambia anataka kuliona shimo mara ya mwisho kabla hajafa, na nisikwambie, utamzuia. Nikambeba hadi pale. Alipomaliza kurudisha lile jiwe nikambeba tena hadi kwenye gari. Alikuwa mwepesi kama kapu."

"Alikudanganya," Rozenn alisema haraka. "Hukujua. Ulifika ukamkuta Tanguy, ukashtuka. Si ndivyo?"

Alikuwa anamwomba. Alikuwa anampa jibu mkononi, kilichobaki ni yeye kuitikia kwa kichwa tu.

Gildas hajui kusema uongo. Pale kwenye habari ya pampu mlimwona wenyewe.

"Nilijua," alisema. "Na mengine yote aliniambia pia, toka mwanzo. Atakuwepo Tanguy, atamtoa kamba, na kichwa kitakwenda kwake."

"Ukambeba."

"Nikambeba."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nilitaka ushindwe." Sasa ndiyo alimtazama, na macho yalikuwa mekundu. "Ungepata kichwa kile, Rozenn, tungezikwa humo ndani. Wewe ungekuwa Soizic. Tayari umeanza, unanusa hewa ukiingia chumbani kwetu. Baba aliniachia mabwawa ya chaza, yanaota matope. Tulisema tutakwenda wote, unakumbuka? Tulisema tubaki mgahawani mwaka mmoja tu, mama apone mguu. Nikafikiri, akinyimwa ataumia, halafu ataondoka. Nitamrudishia furaha polepole."

Rozenn alikaa akitazama mbele. Maji yalikuwa yamefunika mawe yote, yamenyooka na kung'aa, ungedhani pale chini hapajawahi kuwa na kitu. Mmoja alikuwa na hakika kwamba hataondoka, akamnyang'anya. Mwingine alitaka aondoke, akamsaidia kumnyang'anya. Na wote wawili walikuwa wakimpenda. Hakuna aliyemuuliza.

"Shuka," alisema.

"Rozenn."

"Shuka kwenye gari, Gildas."

Akashuka. Akasimama kwenye gati lililolowa katika soksi zake, maana viatu alikuwa amevivua akisubiri garini, na Rozenn hakumpa. Akawasha gari. Likawaka mara moja.

Hapo mlango wa mgahawa ukafunguka.

Aliyetoka alikuwa mama yake. Hakuwa na bakora hata moja. Ameshika mwimo wa mlango kwa mkono mmoja, na juu ya ile shali nyeusi alikuwa amevaa aproni ya Rozenn, ile ile, imechafuka siagi kifuani. Nyuma yake kulisikika sufuria likianguka, sauti ya Tanguy ikipiga kelele, na sauti ya Yvonne ikipiga kelele zaidi. Kikongwe ambaye hajashika kikaango miaka sasa alikuwa anakwenda kuwapikia watu ukumbi mzima.

Macho yao yakakutana kupitia kioo.

Mama hakumwita. Hakumpungia mkono. Alimtazama tu, akageuka, akaingia ndani taratibu akijishika ukutani, na mlango akauacha wazi.

Rozenn akakanyaga klachi. Mbele yake ule mlango. Nyuma yake barabara ya Morlaix. Pembeni, mwanamume katika soksi zilizolowa.

Akatia gia, gari likaondoka. Gia ya mbele au ya nyuma, leo hamnisikii nikisema.